Beki wa Barafuni na Tundu la Moyo: Somo la Kiharusi kutoka katika Maisha ya Kris Letang

Utangulizi

Kiharusi hutokea pale damu inapokoma kufika katika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba, ama kwa sababu umepasuka. Maelezo haya anayajua kila mhudumu wa afya, na wagonjwa wengi wamekwisha kuyasikia kliniki. Jambo ambalo halijazoeleka ni umri wa mgonjwa. Likitajwa neno kiharusi, wengi wetu humfikiria mzee mwenye shinikizo la damu la miaka mingi. Akiletwa kijana mwenye kifua kipana na misuli iliyojengeka, tunatafuta maelezo mengine: uchovu, njaa, malaria, ulevi wa jana, au kijicho cha jirani. Tunapoendelea kuyatafuta maelezo hayo, saa zinapita, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu inakufa.

Somo hili linafuatilia maisha ya kazi ya mwanamichezo mmoja wa Kanada, Kris Letang, beki wa timu ya Pittsburgh Penguins katika ligi ya mpira wa magongo wa barafuni ya Amerika Kaskazini, iitwayo NHL. Tumemchagua kwa sababu tatu. Kwanza, habari za ugonjwa wake zilitangazwa hadharani na timu yake, hivyo tunaweza kuzijadili bila kuvunja siri ya mgonjwa. Pili, amepata kiharusi mara mbili, na muda uliopita kati ya dalili na utambuzi haukuwa sawa katika mara hizo mbili. Tatu, kazi yake inagongana moja kwa moja na mojawapo ya tiba za kiharusi, na mgongano wa namna hiyo humkuta pia dereva, mvuvi, mkulima na fundi wa ujenzi.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma, msomaji aweze:

(a) kueleza kwa nini kijana mwenye afya anaweza kupata kiharusi;
(b) kutaja dalili za kiharusi, zikiwamo zile zinazosahaulika;
(c) kueleza tundu la moyo ambalo kila binadamu huzaliwa nalo, na namna linavyoweza kupitisha donge la damu;
(d) kujadili na mgonjwa suala la kurudi kazini baada ya kiharusi.

Kazi ya beki wa barafuni

Mchezo huu ni jamaa wa mpira wa magongo tunaoujua, ila unachezwa juu ya barafu, na wachezaji huvaa viatu vyenye wembe wa chuma. Uwanja wa NHL una urefu wa mita 61 hivi na upana wa mita 26. Kila timu huwa na wachezaji sita uwanjani: mlinda mlango, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Badala ya mpira wa duara hutumika kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho hugandishwa kabla ya mchezo ili kisidunde. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20 kila kimoja, na katika sehemu kubwa ya miaka ya Letang msimu wa kawaida umekuwa na michezo 82 kwa kila timu.

Beki ana kazi mbili. Ya kwanza ni kulinda: kumkabili mshambuliaji kwa mwili, kumsukuma kwenye ukuta wa uwanja, na inapobidi kujitupa mbele ya shuti ili kisahani kimpige yeye kisifike langoni. Ya pili ni kuanzisha mashambulizi kutoka nyuma. Kwa kuwa mchezo una kasi kubwa, wachezaji huingia uwanjani kwa muda mfupi, mara nyingi chini ya dakika moja, kisha hutoka kupumzika na kurudi tena. Beki wa kutegemewa hurudia mzunguko huo mara nyingi katika mchezo mmoja. Letang amekuwa mmoja wa mabeki wanaokaa barafuni muda mrefu kuliko wenzao, kwa wastani unaozidi dakika 23 kwa mchezo katika sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi.

Tumeyaeleza haya kwa kusudi. Mtu anayeweza kazi hiyo hupimwa na madaktari wa timu mara kwa mara, hula chakula kilichopangwa na hufanya mazoezi kila siku. Mtu huyo ndiye aliyepata kiharusi akiwa na umri wa miaka 26.

Kupanda kwake

Letang alizaliwa tarehe 24 Aprili 1987 huko Montréal, katika jimbo la Québec, ambako mchezo huu hufundishwa watoto tangu wakiwa wadogo. Alicheza ujanani katika timu ya Val-d'Or. Mwaka 2005 Penguins walimchagua katika raundi ya tatu, akiwa wa 62 katika orodha ya vijana waliochaguliwa mwaka huo. Nafasi hiyo haikumtabiria makubwa, kwa maana wengi wa wanaochaguliwa mbali namna hiyo hawadumu katika ligi. Akiwa na timu ya vijana ya Kanada alitwaa ubingwa wa dunia mara mbili, mwaka 2006 na mwaka 2007, na mara ya pili alikuwa nahodha.

Msimu wa 2006 hadi 2007 alicheza michezo yake ya kwanza ya NHL. Mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 22, alikuwa katika kikosi kilichotwaa Kombe la Stanley, ambalo ndilo taji kuu la ligi hiyo. Kufikia mwaka 2013 alikuwa miongoni mwa mabeki watatu waliopigiwa kura za mwisho za tuzo ya beki bora wa ligi. Kwa kipimo chochote cha nje, mwili wake ulikuwa katika kilele cha nguvu.

Kiharusi cha kwanza: Januari 2014

Tarehe 29 Januari 2014 Letang alijisikia vibaya. Alipata kizunguzungu na kichefuchefu. Hakuwa amegongwa uwanjani siku hiyo, na hakuwa na historia ya shinikizo la damu wala kisukari iliyotangazwa. Madaktari waliagiza vipimo, na tarehe 7 Februari, siku tisa baada ya dalili za kwanza, timu ilitangaza kwamba vipimo vimeonyesha kiharusi. Ilitangaza pia kwamba uchunguzi wa moyo umekuta tundu dogo ambalo halikuziba tangu kuzaliwa kwake.

Hapa pana funzo la kwanza. Kampeni nyingi za afya hufundisha alama tatu: uso kupinda upande mmoja, mkono kuishiwa nguvu, na usemi kuharibika. Alama hizo ni sahihi na zinapaswa kuendelea kufundishwa, kwa sababu zinawakamata wagonjwa wengi. Hata hivyo haziwakamati wote. Sehemu ya nyuma ya ubongo, inayotawala mizani ya mwili na uratibu wa macho, ikikosa damu, mgonjwa anaweza asipinde uso wala asipooze mkono. Atalalamika kizunguzungu cha ghafla, kutapika, kuona vitu viwiliviwili, kuyumba kama mlevi, kushindwa kumeza, au maumivu ya kichwa yaliyoanza kwa kishindo. Dalili hizi hufanana na za magonjwa mengi mepesi, na kwa sababu hiyo hupuuzwa.

Mhudumu wa afya hawezi kumpeleka kila mwenye kizunguzungu kwenye kipimo cha CT. Anachoweza ni kuuliza maswali manne. Je, kizunguzungu kilianza ghafla, mgonjwa akijua dakika au saa kilipoanza? Je, anaweza kusimama na kutembea bila kushikiliwa? Je, anaona kitu kimoja kuwa viwili, au usemi wake umekuwa mzito? Je, ana maumivu ya kichwa au ya shingo ambayo hajawahi kuyapata? Jibu la kutia shaka katika mojawapo linatosha kumhesabu mgonjwa huyo kuwa ana kiharusi mpaka ithibitike vinginevyo, hata awe na umri wa miaka 20.

Tundu ambalo sote huzaliwa nalo

Ili kuelewa kilichokutwa katika moyo wa Letang, turudi tumboni mwa mama. Mtoto aliye tumboni hapumui hewa. Oksijeni yake hutoka katika kondo la nyuma kupitia kitovu, na mapafu yake bado hayajaanza kazi. Kwa kuwa hakuna haja ya kupeleka damu yote mapafuni, kuna njia ya mkato: tundu dogo lenye kilango katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo. Damu hupita humo kutoka upande wa kulia kwenda upande wa kushoto, kisha huelekea kwenye ubongo na mwili.

Mtoto anapozaliwa na kulia kwa mara ya kwanza, mapafu hufunguka, mgandamizo wa damu katika chumba cha kushoto hupanda kuliko wa kulia, na kilango kile hujifunga kama mlango unaosukumwa na upepo. Kwa watu wengi kilango hushikamana na ukuta na kuwa sehemu yake. Lakini kwa takriban mtu mmoja kati ya wanne, kilango hujifunga bila kushikamana. Hubaki kama mlango ulioegeshwa pasipo komeo. Wataalamu hukiita kifupi PFO.

Kwa kawaida mlango huo hauna madhara yoyote, na wengi wanaoishi nao hufa wazee bila kujua. Shida hutokea pale mambo mawili yanapokutana. La kwanza ni donge la damu kuganda katika mishipa ya veni, mara nyingi ya miguu, kwa mfano baada ya kulala kitandani muda mrefu, safari ndefu ya kukaa bila kunyoosha miguu, upasuaji au kuvunjika mfupa. La pili ni mgandamizo wa upande wa kulia wa moyo kupanda ghafla, kama ilivyo mtu anapokohoa kwa nguvu, anapojikamua chooni, au anapobana pumzi akiinua mzigo mzito. Wakati huo mlango ulioegeshwa hufunguka kidogo. Donge ambalo lingenaswa katika mapafu, ambayo ni chujio la damu ya veni, hupenya kwenda upande wa kushoto. Kutoka hapo njia ya kwenda kwenye ubongo ni fupi.

Utambuzi wake hufanywa kwa kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ambacho wagonjwa wetu hukiita eko. Maji ya chumvi yaliyotikiswa hadi yakawa na mapovu madogo hudungwa katika veni ya mkono, kisha mgonjwa huombwa ajikamue. Mapovu yakionekana upande wa kushoto wa moyo mara baada ya kujaa upande wa kulia, mlango uko wazi.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Kwa kuwa mtu mmoja kati ya wanne ana tundu hili, kulikuta hakutoshi kusema kwamba ndilo lililoleta kiharusi. Mzee wa miaka 70 mwenye shinikizo la damu, anayevuta sigara, akipata kiharusi na kukutwa na tundu, huenda tundu hilo ni mpita njia tu. Kijana asiye na kisababishi kingine chochote ndiye ambaye tundu hili hupewa uzito. Kwa hiyo kwanza tunatafuta visababishi vingine vyote, kisha ndipo tunalitazama tundu.

Dawa inayogongana na kazi

Letang alianzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda, na timu ilitangaza kwamba angekaa nje kwa muda usiopungua wiki sita. Hapo ndipo mgongano ulipojitokeza. Dawa hizo humlinda mgonjwa dhidi ya donge jipya, lakini zina gharama yake: jeraha dogo huvuja damu nyingi, na pigo la kichwa linaweza kuleta damu ndani ya fuvu. Mtu ambaye kazi yake ni kugongana miili na kuzuia mashuti kwa mwili hawezi kuifanya kwa usalama akiwa katika dozi kamili ya dawa hizo.

Wagonjwa wetu wanaujua mgongano huu kwa sura nyingine. Fundi anayepanda juu ya jengo, dereva wa bodaboda, mvuna nazi na mpiga mbizi huuliza swali lile lile: je, niache dawa au niache kazi? Mara nyingi hawaliulizi kwa sauti. Huacha dawa kimyakimya, kisha hurudi wodini na kiharusi cha pili. Wajibu wa mhudumu wa afya ni kulitamka swali hilo kabla mgonjwa hajaondoka. Muulize anafanya kazi gani, anaifanya wapi, nani anamtegemea, na siku gani ya kazi anahofia zaidi. Majibu yake huweza kubadili aina ya dawa itakayochaguliwa, muda wake, au aina ya kazi atakayorudia kwanza.

Kwa Letang tiba ilifuatwa, ufuatiliaji ukafanyika, na mwezi Aprili 2014, zaidi ya miezi miwili baada ya dalili za kwanza, alirudi barafuni kabla msimu wa kawaida haujaisha. Alirudi kwa ruhusa ya madaktari, baada ya vipimo. Mchezaji aliyejisikia nafuu na kurudi kwa uamuzi wake peke yake hafanani naye, ingawa kwa macho ya mtazamaji wote wawili wanaonekana wakiteleza juu ya barafu ile ile.

Miaka ya mataji na majeraha

Wagonjwa wengi wa kiharusi huambiwa na majirani kwamba maisha yao yamekwisha. Yaliyofuata kwa beki huyu yanafaa kusimuliwa kwao, bila kuyatia chumvi.

Mwezi Machi 2015 alipata mtikisiko wa ubongo baada ya kugongwa, akakosa sehemu iliyobaki ya msimu. Msimu uliofuata alifunga mabao 16 na kutoa pasi za mabao 51. Tarehe 12 Juni 2016, katika mchezo wa sita wa fainali dhidi ya San Jose Sharks, alifunga bao lililoipa Penguins uongozi wa 2 kwa 1. Mchezo ulikwisha 3 kwa 1, hivyo bao lake ndilo lililohesabiwa kuwa la ubingwa. Ilikuwa miaka miwili na miezi michache tangu kiharusi chake.

Mwezi Aprili 2017 alifanyiwa upasuaji wa diski ya shingo iliyochomoza, akakosa michezo yote ya mtoano. Wenzake walitwaa kombe tena bila yeye kuwa uwanjani, na jina lake likaandikwa pamoja na yao. Kwa beki, majeraha haya ni sehemu ya kazi kama lengelenge lilivyo sehemu ya kazi ya mwenye jembe. Kiharusi hakikuwa miongoni mwa majeraha ya mchezo, na hiyo ndiyo sababu hakingeweza kuchukuliwa kama mojawapo ya maumivu ambayo mchezaji huyavumilia na kuendelea.

Kiharusi cha pili: Novemba 2022

Tarehe 28 Novemba 2022, akiwa na umri wa miaka 35, Letang alipata maumivu makali ya kichwa na dalili nyingine. Aliwaarifu wahudumu wa afya wa timu siku hiyo hiyo, akapelekwa hospitali, na vipimo vikathibitisha kiharusi cha pili. Timu ilitangaza tarehe 30 Novemba kwamba hakuonekana kuwa na madhara ya kudumu na kwamba kiharusi hiki kilikuwa chepesi kuliko cha kwanza. Tarehe 10 Desemba alicheza tena, siku 12 baada ya kuugua.

Tusiseme kwamba kuwahi ndiko kulikokifanya kiharusi hicho kuwa chepesi. Wepesi wa kiharusi hutegemea mshipa ulioziba na ukubwa wa donge. Tunaloweza kusema ni hili: aliyewahi hufika mlango ungali wazi. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na faida yake hupungua kadiri dakika zinavyopita. Utaratibu wa kulitoa donge kwa mrija hufaa kwa baadhi ya wagonjwa hadi saa 24, lakini nao hutegemea kuwahi. Mgonjwa anayefika siku ya tatu hupokewa, huhudumiwa na huanzishiwa mazoezi ya viungo, ila tiba hizo mbili zimekwisha kumpita.

Funzo kwa aliyewahi kupata kiharusi ni kwamba yeye ndiye mhudumu wa kwanza wa mwili wake. Anaujua vema kuliko yeyote. Hatari ya kiharusi kurudi ni kubwa kwake kuliko kwa mtu asiyewahi kukipata, hivyo dalili mpya, hata ndogo, haingoji asubuhi. Dalili zikija na kupotea zenyewe ndani ya dakika chache, hicho ni kiharusi cha mpito, nacho ni onyo linalohitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Katika majira hayo hayo ya baridi Letang alifiwa na baba yake. Tarehe 2 Aprili 2023 alicheza mchezo wake wa 1,000 katika NHL. Mwezi Juni 2023 alipewa Tuzo ya Bill Masterton, inayotolewa kwa mchezaji mwenye uvumilivu, uungwana na moyo wa kujitolea kwa mchezo. Tuzo hiyo ina jina la mchezaji aliyefariki Januari 1968 kutokana na jeraha la kichwa alilopata uwanjani, wakati ambapo wengi walicheza bila kofia ngumu.

Mlango watiwa komeo

Wakati Letang alipougua mwaka 2014, madaktari hawakuwa na kauli moja kuhusu faida ya kuliziba tundu hili. Tafiti zilizokuwapo hazikuwa zimetoa jibu la wazi. Mwezi Septemba 2017 matokeo ya tafiti tatu yalichapishwa kwa pamoja katika jarida la New England Journal of Medicine. Yalionyesha kwamba kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu, wenye umri usiozidi miaka 60 na ambao kiharusi chao hakikuwa na kisababishi kingine, kuliziba tundu kulipunguza kiharusi cha kurudia kuliko dawa peke yake. Yalionyesha pia kwamba baadhi ya waliozibwa walipata mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambayo mara nyingi yalipita. Kwa hiyo si kila mwenye tundu anafaa, na uamuzi hufanywa na mtaalamu wa moyo na mtaalamu wa ubongo wakiwa pamoja na mgonjwa.

Utaratibu wenyewe hauhitaji kupasua kifua. Mrija mwembamba huingizwa katika veni ya paja hadi moyoni, kisha kifaa chenye visahani viwili vya nyuzi za chuma huachwa kikiubana mlango pande zote mbili. Baada ya miezi kadhaa tishu za moyo hukifunika. Tiba ya kuziba matundu ya moyo kwa njia ya mirija inajulikana pia hapa kwetu, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam ni mojawapo ya mahali inapofanyika.

Letang alifanyiwa utaratibu wa kuliziba tundu lake mwezi Aprili 2025, miaka 11 baada ya kugunduliwa. Alipangiwa wiki nne hadi sita za kupona.

Tunalojifunza katika mazingira yetu

Mgonjwa wa kiharusi katika wodi zetu kwa kawaida si beki wa barafuni. Kisababishi kikuu kwetu ni shinikizo la juu la damu ambalo halikupimwa au halikutibiwa, na hili huwapata hata watu wa miaka 30 na 40. Kwa vijana na watoto tuongeze selimundu, magonjwa ya valvu za moyo yatokanayo na homa ya rumatizimu, maambukizi ya VVU, na matumizi ya dawa za kulevya. Kwa kina mama, ujauzito na majuma ya kwanza baada ya kujifungua ni kipindi cha kuangaliwa. Tundu la moyo ni mojawapo ya visababishi, nalo hutafutwa baada ya hayo.

Kwa familia na wagonjwa:

1. Dalili zikianza, tazameni saa na mwandike. Swali la kwanza la daktari litakuwa: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?
2. Msimpe chakula, maji wala dawa ya kumeza, aspirini ikiwamo. Huenda hawezi kumeza, na huenda kiharusi ni cha kuvuja damu.
3. Mlazeni ubavu akitapika au akipoteza fahamu, kisha mpelekeni hospitali. Maombi na dua vinaweza kufanyika njiani, visimcheleweshe.
4. Aliyewahi kuugua asiache dawa bila kuzungumza na aliyemwandikia, hata akijisikia mzima kabisa.

Kwa wahudumu wa afya:

1. Pima sukari ya damu mara moja. Sukari ikishuka mno huiga kiharusi, na hutibika kwa dakika chache.
2. Usianze aspirini kabla ya kipimo cha CT kuondoa uwezekano wa damu kuvuja.
3. Usishushe shinikizo la damu kwa haraka bila mwongozo. Ubongo uliokosa damu unaihitaji damu iliyobaki.
4. Piga simu kwa hospitali ya rufaa kabla gari halijaondoka, utaje saa ya dalili kuanza.
5. Kwa kijana asiye na kisababishi cha wazi, omba eko na vipimo vya damu, na umwandikie rufaa badala ya kuandika tu kwamba chanzo hakijulikani.

Hitimisho

Maisha ya kazi ya Kris Letang yasitumike kumtia mgonjwa aibu kwa kumwambia kwamba fulani alirudi uwanjani kwa siku 12, wewe mbona miezi sita bado unatembelea mkongojo. Kila kiharusi hukata mahali pake, na kupona hakuna mashindano. Letang alikuwa na madaktari wa timu, hospitali ya karibu na kiharusi chepesi. Wagonjwa wengi hawana hata kimoja kati ya hivyo.

Lakini lipo jambo moja alilonalo ambalo kila familia inaweza kuwa nalo bila fedha: ujuzi kwamba nguvu za mwili si kinga ya kiharusi, na kwamba dalili husemwa siku ile ile zinapoanza. Kijana wako akisema amepata kizunguzungu cha ghafla na miguu haimtii, usimwambie akalale. Mpeleke.

Maswali ya kujipima

1. Taja dalili nne za kiharusi zisizokuwamo katika alama tatu za uso, mkono na usemi.
2. Kwa nini kukuta tundu la moyo kwa mgonjwa wa kiharusi hakutoshi kulitaja kuwa kisababishi?
3. Fundi wa ujenzi mwenye umri wa miaka 34 anatumia dawa za kuzuia damu kuganda na anataka kurudi kazini. Ni mambo gani utamuuliza kabla ya kumshauri?
4. Dalili za mgonjwa zimepotea zenyewe baada ya dakika kumi, na ndugu zake wanataka kurudi nyumbani. Utawaeleza nini?